Binti kaleta kitabu cha watoto kuuana, nimwachie?

Swali: Shikamoo anti. Binti yangu wa miaka 14 kaazima The Hunger Games kwa shoga yake, nimechungulia ukurasa mmoja tu nakuta watoto wanauana, nikakificha juu ya kabati. Kanuna mpaka leo. Nimekosea?
Mama wa Mbagala

Jibu: Marahaba mama. Kishushe tu jamani, mi hicho kitabu kilinipitisha kituo kwenye daladala. Ni cha Suzanne Collins wa Marekani, 2008, watoto 24 wa miaka 12 hadi 18 wanaokotwa kwa bahati nasibu wauane mpaka abaki mmoja na runinga inaonyesha, ni kweli damu ipo, ila kilichonikaa mimi ni nafaka, yaani mtoto maskini anaongeza vikaratasi vya jina lake ili nyumbani wapewe nafaka na mafuta, ndo maana Gale, kijana mmoja maskini humo kitabuni, jina lake limo mara 42! Hayo mambo ya Katniss, yule binti mhusika mkuu, na Peeta, mvulana anayeingia naye mchezoni, kupendana yalinichosha kidogo (binti ndo atayapenda hayo, jiandae). Kisome wewe kwanza siku mbili tatu, halafu muulize angeandikisha jina mara ngapi kwa ajili ya unga.