Ukiwalaza wageni garini kando ya ziwa, waambie maji yamebaki kiasi gani

Tumelelewa tusimwonyeshe mgeni upungufu. Sukari ikiisha, mtoto hutumwa kupitia mlango wa nyuma akakope kwa jirani, na mgeni anaendelea kunywa chai bila habari. Nyumbani desturi hiyo ni nzuri na mimi naishika. Lakini ndani ya gari lililoegeshwa ufukoni, pasipo bomba wala nguzo ya stima, inawaumiza wageni wenyewe, maana maji yakiisha saa nne usiku hakuna jirani wa kukimbilia. Kwa hiyo, kama unataka kuwapeleka jamaa zako wakalale kando ya Ziwa Victoria, waeleze hali yote ya gari kabla hawajapanda, kisha wape kazi.

Gari letu ni basi dogo la zamani. Liling'olewa viti hapa Nakuru, likawekwa vitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 100, betri ya pili na paneli ya sola juu ya paa. Wageni wetu ni watu wa kwetu Likoni, Mombasa: mama, dada yangu mkubwa na watoto wake wawili. Wakija likizo ya Agosti, mimi na mume wangu tunawapakia, tunashuka Kericho, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, mpaka upande wa Mbita na Rusinga. Kama safari imeangukia Ijumaa tunapumzika Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa miaka mingi, watu wasali kwa utulivu.

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu safari hizi huanza na stima. Mimi huanza na maji, kwa sababu ndiyo yanayoamua mtalala usiku ngapi. Hesabu za wenye magari kama haya ng'ambo hazitufai sana; wengi wao hutumia karatasi chooni na hawana udhu wa mara tano kwa siku. Sisi hupanga hivi kwa kila mtu, kwa siku: lita 3 za kunywa, 2 za kupika na chai, 2 za vyombo, 4 za kuoga, na 5 za udhu na kustanji. Jumla lita 16. Watu sita ni lita 96, yaani tangi lote limekwenda kwa siku moja. Ndiyo maana tunabeba pia mitungi sita ya lita 20, tukiijaza mjini Homa Bay. Lita 220 zinatufikisha siku mbili na akiba kidogo ya asubuhi ya kuondoka. Kumbuka kwamba maji hayo yana uzito wa kilo 220. Yaweke chini sakafuni, karibu na magurudumu ya nyuma, uifunge mitungi kwa kamba. Kona za Kericho hazitaki mzigo unaotembea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Garini jembe tunalitoa siku ya kwanza. Mama ndiye msimamizi wa maji, na hakuna aliyemfaa zaidi kazi hiyo. Amekulia nyumba ya mtungi na kata, anajua mtu mzima anavyoweza kuoga akatakata kwa kata chache. Watoto aliwafundisha kutawadha kwa birika, akiwakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita. Kila mtungi unaomalizika hutolewa ukawekwa nje chini ya gari, na mama husema kwa sauti iliyobaki ni mingapi. Hakuna anayeona aibu. Dada aliniambia kwamba kwenye nyumba za watu huogopa hata kuomba maji ya kuoga, asije akamaliza ya wenyewe. Humu anajua sehemu yake ni ipi, na anaitumia kwa raha.

Sasa ziwa lenyewe. Watu wa Pwani hudhani wanalijua kwa sababu wanaijua bahari, na hapo ndipo ninapowasihi wanisikilize. Watoto wa Likoni wakiona maji mengi wanavua viatu. Bahari haina kichocho, kwani konokono wanaokieneza huishi maji baridi, yasiyo na chumvi. Ziwa Victoria linacho. Vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hata miguu ikiwa imelowa hadi magotini. Kwa hiyo kwetu hakuna kuogelea, na sababu naieleza kabla ya kufika. Maji ya ziwa tukiyahitaji kwa kuoga tunayachemsha. Au yakae ndani ya mtungi uliofunikwa siku mbili, vijidudu hivyo vya kichocho hufa, ingawa hayajafaa kunywewa. Mtu akiingia kwa bahati mbaya, amwambie daktari. Kipimo huonyesha vizuri zaidi baada ya wiki 6 hadi 8, na dawa ipo.

Tena baharini mtu hutazama maji kujaa na kupwa kabla ya kutandika jamvi. Ziwa halina kupwa kwa kuonekana, kwa hivyo mgeni huona mchanga mkavu, tambarare, akasema tuegeshe hapa. Mchanga ule una wenyewe. Wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hutoka usiku wa giza na taa zao, na alfajiri akina mama hutandaza nyavu hapo hapo kuanika omena hao. Tafuta viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo huo, ukifika, jioni kabla ya giza, wasalimie, waulize mnaweza kulala wapi na ada ni ngapi. Watakuonyesha pia viboko wanapopandia usiku kwenda malishoni. Usiegeshe kwenye njia hiyo hata kama ndiyo yenye mandhari nzuri kuliko zote, na mtu yeyote asishuke usiku peke yake kwenda haja. Choo cha kubeba kiwe ndani, karibu na kitanda cha mzee.

Udongo mweusi wenye nyufa uepuke kabisa. Mvua ya saa moja tu, na gari halitoki bila kuvutwa. Turubai likunjwe kabla ya kulala, kwa sababu dhoruba za ziwa hazibishi hodi.

Malaria ya ukanda huu ndiyo kali kuliko sehemu nyingine zote za nchi, hivyo chandarua chenye dawa kwa kila kitanda na wavu kwenye kila dirisha, hata kwa wageni wanaosema mbu wa Pwani wamewazoea. Kuna pia wadudu wa ziwani wanaopaa juu ya maji kwa wingu jeusi. Hawaumi, lakini hufuata taa. Zima za ndani kwanza, ndipo ufungue mlango.

Kuhusu stima sina mengi. Betri ya asidi ya 100Ah itumie nusu tu, kama wati-saa 600, ndipo idumu. Zinatosha friji ndogo, taa na simu. Simu zichajiwe mchana jua likiwa utosini. Birika la umeme na pasi vibaki nyumbani.

Jambo moja silijadili na mgeni yeyote, awe mkubwa wangu kiasi gani: jiko la makaa haliingii garini. Mvua ikinyesha dada hutamani kulisogeza ndani chapati zisilale. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na huua watu usingizini. Tunakula mkate.

Asubuhi ya kuondoka, choo hakimwagwi ziwani wala kichakani. Omba ruhusa kwa mwenye choo cha shimo, mlipe kitu, na kama umetumia dawa ya chooni mwambie ni dawa gani. Mume wangu ndiye mwenye zamu hiyo. Watoto nao huzunguka gari wakiokota taka, na taka zote zinarudi nasi hadi Homa Bay, tunakojaza mitungi tena kama bado tuna siku za kutembea.