Kesi ikifutwa mahakamani, uhamiaji wanaisahau?

SWALI: Naishi Marekani na nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Zamani nilitiwa hatiani kwa wizi mdogo dukani, nikalipa faini na kumaliza kifungo cha nje. Kila ninapoomba kazi kesi hiyo inaibuka. Nikiifuta, nitakuwa salama hata wakati wa kuomba uraia?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mwajiri itakusaidia sana. Kwa uhamiaji, hapana. Tangu mwaka 1996 sheria yao ina tafsiri yake ya kutiwa hatiani, na jimbo kukufutia kesi kwa sababu tu umemaliza adhabu hakuiondoi hatia hiyo. Fomu ya uraia, N-400, inataka utaje hata kesi zilizofutwa. Ukinyamaza, alama za vidole zitakuumbua, na uongo huo ni tatizo jipya.

Kwa hiyo anza kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, kabla hujaomba kufutiwa chochote. Chukua nakala zenye muhuri za hati ya mashtaka, hukumu na uthibitisho kwamba ulimaliza adhabu. Seti mbili au tatu. Baadhi ya majimbo huliharibu jalada likishafutwa, na ofisa wa uhamiaji bado atazidai karatasi hizo. Zungumza pia na wakili wa uhamiaji, na usisafiri nje kabla ya hapo: kosa la wizi linaweza kukukwamisha mpakani wakati wa kurudi.

Kisha agiza rekodi yako FBI (dola 18) na polisi wa jimbo, uone kilichoandikwa. Kila jimbo lina masharti yake. California, kwa mfano, huitupilia mbali hatia lakini kesi hubaki kwenye kumbukumbu ikiwa na maelezo hayo. Pennsylvania, kwa sheria ya mwaka 2018, hufungia baadhi ya kesi bila mtu kuomba.

Maombi hupelekwa mahakama ileile, na nakala kwa mwendesha mashtaka. Mengi hukwama kwa mambo madogo: salio la ada ya mahakama ambalo mtu hakujua analo, muda wa kusubiri haujatimia, au kifungu cha sheria kilichonakiliwa vibaya. Kifungu kiandike kama kilivyo kwenye hukumu, si kama unavyokikumbuka.

Ukipata amri, usidhani kampuni zinazopekua rekodi kwa niaba ya waajiri zitajua. Hununua taarifa kwa wingi na kukaa na za zamani. Kesi ikiibuka tena, waandikie barua ya kupinga na uambatanishe amri. Kwa kawaida sheria ya shirikisho inawapa siku 30 kuchunguza na kurekebisha.