Hita ya lita 50: taa inawaka, maji vuguvugu

Ndugu, hita ya lita 50 yenye elementi (chuma cha ndani kinachopasha maji) ya wati 1,500 huchukua kama saa moja na dakika 40 kupasha maji kutoka nyuzi 18 hadi 60, hata kwa baridi ya Julai hapa Arusha. Wewe unasema umesubiri saa tatu, taa inawaka na maji bado vuguvugu, kwa hiyo kuna hitilafu. Taa isikudanganye, kwa hita nyingi inaonyesha umeme umefika tu.

Kwanza shika bomba linalotoka juu ya hita. Likiunguza huku bafuni ni vuguvugu, koki ya kuchanganyia inapitisha maji baridi. Hita haina kosa.

Likiwa vuguvugu, zima swichi kuu, hakikisha kwa testa, kisha chomoa nyaya za elementi na upime ukinzani wake kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme). Karibu omu 35 ni nzima. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma kati ya ncha na bodi ya tangi, inavuja umeme: usiiwashe tena, muite fundi umeme. Elementi ikiwa nzima, shuku themostati (swichi inayokata umeme maji yakifika joto lililowekwa) kuwa inakata mapema.

Pima pia volti jioni. Zikishuka hadi 190, elementi hiyo hutoa wati 1,000 hivi.

Ukibadilisha elementi, badilisha na gasketi yake (mpira wa kuzuia maji yasivuje), na jaza tangi mpaka bomba la moto litiririke ndipo uwashe.