Mhandisi aitwe kabla ya jembe: maswali yenu ya ujenzi wa shule

Barua za mwezi huu karibu zote ni za maboma, yaani majengo ya shule yaliyoanzwa na wananchi na hayajaisha. Mavuno yameingia, michango imekusanywa, na Januari kidato cha kwanza watakuja kutafuta pa kukaa. Najibu nilizoweza. Zile za "nitumie ramani kwa WhatsApp" nimeziweka kando. Ramani iko kwa mhandisi wa halmashauri yako, na ni bure.

Shikamoo mhandisi. Wananchi tumejenga boma la madarasa mawili kwa nguvu zetu, limefika kwenye linta. Tumeomba halmashauri itumalizie. Mhandisi amekuja, ameangalia, anasema hawezi kulipitisha. Ana haki hiyo? (Mwenyekiti wa kijiji, Kishapu)

Marahaba, mwenyekiti. Anayo. Siku boma hilo litakapoezekwa kwa fedha ya serikali, sahihi itakuwa yake. Likimwangukia mtoto, hatatafutwa aliyechangia tripu ya mchanga.

Hukusema alikataa nini, nakisia ni msingi. Huko kwenu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Shinyanga na Simiyu, kuna udongo mweusi wa mbuga. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuzamisha mguu wa mbuzi. Msingi uliochimbwa kwa mazoea hapo unapanda na kushuka kila mwaka, na ufa wa kwanza utauona kwenye kona ya dirisha.

Niliwahi kuitwa kwenye boma moja, wilaya siitaji. Kuta zimenyooka, fundi anajivuna. Nikaomba jembe tukachimba pembeni ya kona. Hatujafika hata magotini tukaukuta mwisho wa msingi: mawe yamelazwa juu ya udongo mweusi, zege hakuna. Nikatoa ufunguo wa pikipiki nikaparua tofali, likamwagika unga kama muhogo mkavu. Wazee waliouza kuku na magunia ya mahindi kwa ajili ya ukuta ule walikuwa wamesimama pale pale, na hakuna aliyesema neno. Tulibomoa.

Lenu huenda halijafika huko. Mwombeni aandike kwa karatasi kilichokosekana na kinachoweza kuokolewa. Mara nyingine zinaongezwa nguzo na mkanda mpya, mara nyingine unabomolewa upande mmoja tu. Msimpelekee mbunge ili amshinikize. Mbunge hana mkono wa kuushikilia ukuta. Na safari ijayo mwiteni kabla ya jembe la kwanza, tena mumwite kila hatua: mnapopima na kuseti, shimo likiwa wazi, nondo zikiwa zimefungwa kabla ya zege, kisha kenchi, zile mbao za kubeba paa, kabla ya bati. Kilichokwisha kufunikwa hakikaguliwi, kinabahatishwa.

Ramani tumepewa kutoka TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, imeshapitishwa huko juu. Kwa nini mhandisi wa halmashauri anataka kuipitia tena? (Mjumbe wa kamati ya ujenzi, Mbozi)

Kwa sababu walioichora wanalijua darasa, hawakijui kiwanja chako. Ramani ya TAMISEMI ni moja kwa nchi nzima. Imepanga ukubwa wa chumba, madirisha, ubao, mkanda. Haijui kwamba eneo lenu lina mteremko wa mita mbili toka kona hadi kona, au kwamba mvua ikinyesha maji ya mlima mzima yanapita hapo. Mhandisi ndiye anayeiketisha ramani juu ya ardhi, na akiona msingi uongezwe ngazi, lazima gharama nazo zibadilike kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama, kabla fedha haijaanza kutumika. Mkilikuta tatizo hilo katikati, mtapunguza nondo ili hela itoshe. Nawajua.

Wa Kagera hawahitaji kuelezwa. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato pale Bukoba, shule kongwe zenye majengo ya miaka mingi, wanafunzi wakahamishwa. Kiwanja cha Bukoba na kiwanja cha Kibaha vinaweza kutumia karatasi moja, lakini macho ya kukikagua kila kimoja ni tofauti.

Fundi wetu ana uzoefu wa miaka 20 na hajawahi kuangusha nyumba. Ramani ya nini?

Swali hili nimelijibu mara ya nne mwaka huu. Mwambie aisome. Kama hawezi kuisoma, umepata jibu.

Mimi ni mkuu wa shule. Fedha ya madarasa imeingia kwenye akaunti ya shule kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule tunanunua vifaa na kutafuta fundi wenyewe bila mkandarasi. Sasa nakagua saruji asubuhi, nafundisha Kemia mchana, na usiku silali. Hivi nikikosea nafungwa mimi? (Mkuu wa shule, Tabora)

Pole, mwalimu. Fosi akaunti imeshusha gharama, hilo silikatai. Mwaka 2021 tulijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, darasa moja Sh milioni 20, na mkandarasi mwenye faida yake asingetufikisha hapo. Ila tumemgeuza mwalimu wa Kemia kuwa mlinzi wa stoo, na mhandisi mmoja tukampa saiti arobaini na gari lisilo na mafuta. Halafu tunashangaa mkaguzi akikuta bati la geji 30 mahali BOQ inaposema 28. (Namba ikipanda bati linapungua unene. Kuna kamati nzima ya mapokezi iliwahi kunibishia kwamba 30 ndiyo imara zaidi kwa kuwa ni kubwa.)

Kujilinda kwako ni kamati tatu ziwe hai kweli: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Kila mzigo upokelewe kwa kuhesabiwa na kusainiwa siku hiyo hiyo. Weka daftari la saiti, na mhandisi akija aandike humo alichoona, kwa mkono wake. Akikuelekeza kwa simu, mwandikie ujumbe umrudishie maneno yake: "Umeniagiza hivi." Asipojibu unao ushahidi. Na wewe usikubali fundi alipwe hatua ambayo mhandisi hajaiona, hata akija analia ada ya mtoto.

Tumepunguza matundu ya choo ili tupate ofisi ya walimu. Kuna shida?

Ipo. Tundu moja ni kwa wasichana 20, au wavulana 25. Hesabu wanafunzi wako, kisha muihamishie ofisi chini ya mwembe mpaka fedha ipatikane. Msichana hawezi kwenda chini ya mwembe.

Shule yetu haina mwanafunzi mlemavu. Tunaweza kuacha ile njia ya mteremko mlangoni?

Hayupo kwa sababu hana pa kupitia. Jengeni.

Wezi wanaiba magodoro bwenini. Bodi imeamua tuweke nondo kwenye madirisha yote na mlango mmoja ufungwe kabisa. Mhandisi anakataa, anasema ramani hairuhusu. Ni mbishi au? (Makamu mkuu wa shule, Iringa)

Unaniuliza hili ukiwa Iringa! Agosti 2009 bweni liliungua Idodi, hapo hapo mkoani kwenu, wakafa wasichana 12. Kabla yake, Juni 1994, Shauritanga kule Rombo tulizika zaidi ya 40. Godoro linanunuliwa.

Bweni linatakiwa liwe na milango miwili, inayofunguka kwa nje, na usiku isiwe na kufuli ambayo ufunguo wake uko nyumbani kwa matroni. Dirisha likiwa na nondo, basi iwe ya kufunguka kutoka ndani na kila mtoto ajue kuifungua gizani. Waiteni Zimamoto waje wakague, wanao wajibu huo, na wawape watoto zoezi la kutoka usiku. Kama bodi bado inang'ang'ania, iandike uamuzi wake kwenye muhtasari na kila mjumbe aweke jina lake. Utaona kalamu zinavyokauka.

Eneo letu la mjini ni dogo, tunataka kujenga ghorofa moja kwa mafundi wetu wa mtaani.

Hapana. Ghorofa ya shule inataka udongo upimwe, mbunifu na mhandisi waliosajiliwa, na mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 16, 2024 tusilisahau.

Darasa limekamilika, rangi tayari. Mwenge unapita Ijumaa kulizindua na mhandisi hajasaini hati ya kukamilika. Tufanyeje? (Mtendaji wa kata)

Mpigie leo, aje Alhamisi, na mtafutieni ngazi ya kupandia darini maana atataka kuziona kenchi. Mimi nimewahi kumwona kiongozi wa mbio za Mwenge akigonga sakafu kwa kisigino mara tatu, akasikiliza, akaomba nyaraka, kisha akarudi kwenye gari. Wimbo wa watoto ulikuwa haujafika hata ubeti wa pili.