Viti havijazwi na mabango: nilichojifunza kwenye maonyesho ya barafu yanayozunguka

Mdogo wangu wa Edmonton, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema klabu yenu imepewa tiketi 100 za onyesho la kuteleza barafuni litakalopita mjini kwenu, zimebaki wiki tatu na mmeuza 17 tu. Unataka kujua kama mchezo wenyewe umeishiwa watu au ni nyinyi mnaoshindwa kuuza. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili nimelibeba moyoni miaka mingi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko kusini mwa Ontario, hapa Kanada, tangu 2008. Kwa misimu sita nilifanya kazi za jioni kwenye arena, ukumbi wenye uwanja wa barafu, kukagua tiketi na kuwaonyesha watu viti vyao. Binti yangu alianza kuteleza akiwa na miaka saba, na kupitia kwake nikawa mama wa kujitolea klabuni. Kwa hiyo maonyesho haya nimeyaona nikiwa mlangoni, nikiwa kitini, na nikiwa nyuma ya pazia nimeshika makoti ya watoto 30.

Mchezo haujafa. Lakini onyesho linalozunguka huvuna tu. Linaingia mjini mchana, linateleza usiku, malori yanaondoka kabla hakujakucha. Kama hakuna aliyepanda kabla yake, litakuta shamba tupu, na bango hata liwe kubwa namna gani halitabadilisha hilo.

Usiku wangu wa kwanza kazini nilishangaa umri wa watu waliokuja. Wengi walikuwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea, wamekuja wawili wawili na marafiki, wanawajua watelezaji kwa majina. Nikawa nawauliza walianzia wapi. Wengi walinitajia 1994. Mwaka ule, tarehe 6 Januari, mtelezaji wa Marekani Nancy Kerrigan alipigwa mguuni, juu kidogo ya goti, kule Detroit, na mpinzani wake Tonya Harding akahusishwa na kisa hicho. Walipokutana kwenye Olimpiki ya Lillehammer mwezi uliofuata, matangazo ya usiku ule yakawa miongoni mwa yaliyotazamwa zaidi katika historia ya televisheni ya Marekani. Dhahabu ikaenda kwa Oksana Baiul wa Ukraine, na watu waliowasha televisheni kwa ajili ya kisa wakabaki kwa ajili ya mchezo. Ziara kama Stars on Ice, aliyoianzisha Scott Hamilton 1986, na Champions on Ice ya Tom Collins zikawa zinajaza kumbi mji baada ya mji.

Mavuno yale yalitokana na mvua iliyonyesha yenyewe. Waandaaji wengi walizoea, wakadhani mvua itarudi kila msimu. Haikurudi. Halafu ikaja Salt Lake City 2002, kashfa ya majaji kwenye mashindano ya wawili wawili, mpaka Jamie Salé na David Pelletier wa Kanada wakapewa dhahabu ya pili. Baada yake alama za zamani zilizoishia 6.0 zikaondolewa, ukaingia mfumo mpya wa kujumlisha pointi kwa kila kitendo. Mfumo ule una haki zaidi, naamini hivyo, lakini ulimnyang'anya mtazamaji wa kawaida kitu kimoja alichokielewa bila kufundishwa. Bibi yeyote alijua 6.0 ni kamili. Leo mwambie mtu mtelezaji amepata 214.37, atakuuliza, ni nzuri hiyo? Champions on Ice ilifanya ziara yake ya mwisho 2007. Wale kina mama niliowaonyesha viti waliendelea kuja, ila kila msimu walipungua.

Sasa nikueleze lilivyoanza kwetu.

Binti yangu alikwenda onyesho la kwanza kwa tiketi niliyopewa kazini. Tulikaa juu kabisa, karibu na dari. Dakika ya kumi akanivuta mkono, "Mama, mbona hawaanguki?" Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata nikampeleka kwenye uwanja wa manispaa, tukakodi viatu. Alianguka mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, na mimi nikaanguka mara mbili mbele ya watu wote. Tangu siku ile alitazama barafu kwa macho mengine. Alijua mguu unavyotetemeka kabla haujakaa sawa. Mtu aliyewahi kuanguka kwenye barafu hahitaji kushawishiwa kununua tiketi, mwili wake umeshajua kile anachokitazama ni kigumu kiasi gani. Tukamwandikisha CanSkate, programu ya wanaoanza ya Skate Canada, shirikisho la mchezo huu nchini, na kofia ngumu kichwani kama sheria yao inavyotaka.

Miaka miwili baadaye ziara moja ilikubali ombi la klabu yetu: watoto 30 wateleze dakika tatu kwenye ufunguzi, pamoja na kundi zima. Hakikuwa kitu kikubwa. Walizunguka uwanja, wakafanya duara, wakainama, wakatoka. Lakini hebu fikiria nani alikuja. Kila mtoto alileta wazazi, na bibi na babu, na shangazi, na mwalimu wa darasa, na jirani. Sisi peke yetu tulikuwa watu 12, wakiwemo jirani zetu Wakongo kutoka Bukavu ambao hawakuwahi kukanyaga arena ile. Binti yangu alipopita, mama wa nyumba ile alisimama akapiga kigelegele, na sehemu yetu yote ikageuka kutuangalia kwa furaha. Usiku ule niliona vichwa vya rangi zote na umri wote kwenye viti ambavyo mwaka uliotangulia nilivikagua vikiwa vitupu.

Mwaka uliofuata ziara nyingine, ambayo sitaitaja, ilitwambia watoto watachelewesha ratiba. Ikatupa tiketi za kuuza kama ulizopewa wewe, bila punguzo la maana, bila watoto, bila chochote cha kubaki mjini. Ada za mtandaoni zilipanda juu ya bei mpaka familia ya watu watano ikawa inalipa kama kodi ya nyumba ya wiki. Tuliuza chache sana. Nilihuzunika kwa sababu watelezaji walikuwa wazuri, walitoa jasho lao mbele ya viti vya plastiki. Kosa halikuwa lao, wala halikuwa letu, na halitakuwa lenu.

Kuna kazi nyingine ambayo waandaaji wanaisahau: kumfundisha mtazamaji kuona. Kwenye mapumziko ya dakika 20 watu wa sehemu yangu walikuwa wananiuliza, ule aliouruka unaitwaje? Nikajifunza kuwajibu kwa jambo moja tu. Miruko mikubwa ni sita. Mitano huanza mtelezaji akienda kinyumenyume. Mmoja tu huanza uso ukitazama kule anakokwenda, na huo ni Axel, wenye jina la Axel Paulsen wa Norwei aliyeufanya 1882. Kwa kuwa anaanza kwa mbele na kutua kwa nyuma, lazima aongeze nusu mzunguko. Ndiyo maana Ilia Malinin wa Marekani alipouruka Axel wa mizunguko minne mwaka 2022, hewani alizunguka mara nne na nusu, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo mashindanoni kabla yake. Ukimpa mtu hilo moja, kipindi cha pili anakaa mbele ya kiti. Jirani yangu wa Bukavu aliuona Axel wa kwanza akanipiga begani, "Kumbe hii mambo iko nguvu!" Tangu hapo hakuacha kuutafuta mruko ule.

Anayeifanya kazi hii vizuri kuliko wote ninaowajua ni Ted Barton, kwa miaka mingi sauti ya mashindano ya vijana ya Junior Grand Prix yanayoonyeshwa bure YouTube. Anaeleza kwa upole, anamheshimu mtoto aliyeanguka, hamdharau asiyejua. Nimewatumia matangazo yale wazazi wengi wapya. Waandaaji wa maonyesho wangeweza kufanya hivyo kwa karatasi moja mlangoni au dakika mbili za kipaza sauti.

Usifikiri maonyesho ni mashindano yaliyopunguzwa ukali. Ukumbi unakuwa giza, taa kubwa inamfuata mtelezaji na kumpiga machoni, jana alilala mji mwingine na kesho analala mwingine. Hawezi kuruka kama anavyoruka kwenye mwanga kamili mbele ya majaji, na si haki kumtaka. Lakini kuna mambo ambayo maonyesho yaliyatunza wakati mashindano yaliyakataa. Surya Bonaly wa Ufaransa, mwanamke mweusi aliyepata fedha tatu za dunia mfululizo, alipiga sarakasi ya nyuma na kutua kwa mguu mmoja kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, akijua imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970. Majaji wakamkata alama. Kwenye ziara aliendelea kuipiga kwa miaka, na watu walikuwa wanasimama. Mwaka 2024 shirikisho la kimataifa likaondoa marufuku ile. Kwa miaka yote ile watazamaji wa maonyesho walikuwa wameshaipenda.

Na Kurt Browning wa Kanada! Huyu ndiye aliyeruka mruko wa kwanza wa mizunguko minne uliotambuliwa mashindanoni, Budapest 1988. Mimi nilimwona akiwa mtu mzima. Miruko mikubwa alikwishaiacha, akawa anacheza kwa nyayo tu, chuma kinakwaruza barafu kwa mdundo, na arena nzima inacheka naye. Watoto wa klabu yetu waliiga hatua zake wiki nzima.

Najua mtu atasema, mbona Japani wanajaza bila haya yote? Mtelezaji wao Yuzuru Hanyu alijaza uwanja mkubwa wa Tokyo Dome tarehe 26 Februari 2023, watu 35,000, mtelezaji mmoja peke yake. Ni kweli, na nililia nikiitazama. Lakini Hanyu ni mtoto wa Sendai. Tetemeko la Machi 2011 lilimkuta akiwa kwenye uwanja wa nyumbani, akatoka mbio na viatu vya barafu miguuni, na uwanja ukafungwa. Miezi iliyofuata alizunguka kwenye maonyesho mji kwa mji ili apate barafu ya kufanyia mazoezi. Watu wa miji ile walimwona akiwa kijana wa miaka 16 aliyepoteza uwanja wake, kabla ya medali zote mbili za Olimpiki. Kwa hiyo hata Dome ile ilipandwa zamani, kwenye kumbi ndogo.

Nikuambie pia kuhusu nani anajiona ndani ya mchezo. Miaka ya 1930 mtelezaji mweusi Mabel Fairbanks alizuiwa kwenye viwanja vya New York kwa sababu ya rangi yake. Alikuja kuzunguka na maonyesho, kisha akawa kocha, na 1997 akaingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huu Marekani. Elladj Baldé, ambaye baba yake ni wa Guinea, alishindania Kanada miaka mingi, lakini wanangu walimfahamu kwa video alizoteleza kwenye maziwa yaliyoganda, huko huko Alberta kwenu. Nilipomwonyesha binti wa jirani video moja, hakuuliza chochote kuhusu alama. Aliuliza kama kuna viatu vya namba yake. Viwanja vyetu hapa vimejaa watoto wa Kisomali, Kikongo, Kieritrea wanaokuja na shule zao mara moja kwa mwaka, kisha hakuna anayewaita tena. Hata kule nyumbani, Nairobi kuna uwanja wa Panari, Barabara ya Mombasa, tangu 2005, na watoto wa kaka yangu waliokwenda pale siku moja tu ndio wanaonipigia simu kila Olimpiki ya majira ya baridi.

Basi kwa wiki tatu ulizobakiwa nazo, ningefanya hivi. Waandikie waandaaji leo, uombe watoto wenu wapewe hata dakika mbili, au angalau waokote maua na kuwapokea watelezaji wanapotoka. Wakikataa, omba mtelezaji mmoja apite mazoezini kwenu mchana wa onyesho. Wengi hupenda, anayekataza kwa kawaida ni ratiba. Tiketi msizibandike ukutani, kila mtoto apewe tatu apeleke kwa watu watatu ambao hawajawahi kumwona akiteleza. Omba manispaa saa moja ya barafu ya bure Jumamosi kabla ya onyesho, muwaite watu wa misikiti na makanisa ya karibu, muwe na viatu vya kuazima na chai ya moto. Chai usiisahau, wageni wa nchi za joto wanakata tamaa kwa baridi kabla ya kukata tamaa kwa kuanguka.

Na Jumamosi baada ya onyesho mlango wa klabu uwe wazi, na mtu asimame pale na karatasi ya kuandika majina. Sisi mwaka ule wa watoto 30 tulisahau. Walikuja watu wakakuta pamefungwa. Mwaka uliofuata binti yangu ndiye aliyesimama mlangoni kuanzia saa tatu asubuhi, na leo ana miaka 16, anawafundisha wadogo kuanguka kabla ya kuwafundisha kusimama.

Niandikie mkishapata jibu la waandaaji. Kama mtahitaji barua tuliyotumia sisi, nitakutumia uibadilishe majina tu.