Nyumba yangu imejengwa kwa risiti

Wiki iliyopita nimepokea barua niliyoisubiri tangu mwaka 2022: masharti ya miaka mitatu yamekwisha, nyumba niliyojengewa upya kwa msaada wa serikali baada ya mafuriko sasa ni yangu moja kwa moja. Niliipiga picha nikaitupa kwenye grupu letu la WhatsApp la hapa Houston, makusudi kabisa. Humo humo ndimo nilimoambiwa kwamba serikali ya Marekani haimjengei mtu nyumba, tena mgeni mwenye lafudhi. Waliosema hivyo wamenitumia vidole gumba. Sawa, nimeviona.

Tangu hapo simu haitulii. "Dada, ulifanyaje?" Nijibu wote hapa.

Kimbunga Harvey kilitua karibu na Rockport tarehe 25 Agosti 2017, kisha kikang'ang'ania Texas siku kadhaa kikimwaga mvua tu. Mji wa Nederland ulipata zaidi ya milimita 1,500. Kwetu maji yalianza kuingia kupitia chooni, hata mlango hayajaufikia. Tulipandisha watoto juu ya meza ya jikoni, tukasubiri mashua ya watu tusiowajua. Baadaye tukalala sebuleni kwa shemeji, nami kazini, mbele ya manesi wenzangu, nikijifanya mzima. Aibu ya kuomba msaada ndiyo iliyoniuma kuliko hasara. Nimetoka Tanga nikijua mimi ndiye wa kutuma pesa nyumbani, si wa kupokea.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na ya mafuriko sikuwa nayo. FEMA, shirika la serikali kuu la kusaidia wakati wa maafa, wakati ule walikuwa na kikomo cha dola 33,300 kwa kaya, na wengi hatukukikaribia. Nilichopata kilitosha kung'oa kuta zilizooza na kurudishia nusu yake.

Pesa kubwa ilipitia jimboni. Serikali kuu iliipa Texas zaidi ya dola bilioni 5, na Ofisi ya Ardhi ya jimbo, GLO, ikapewa kuzisimamia. Hapo ndipo watu wetu wengi walipokata tamaa, kwa sababu msaada huu huja mwisho, baada ya bima na FEMA, na hupewi taslimu mkononi. Analipwa mkandarasi. Na hawalipii kitu kilekile mara mbili: kila dola uliyokwisha kupokea kwa ajili ya matengenezo inakatwa, isipokuwa uonyeshe kwamba kweli iliingia kwenye nyumba. Ukiipeleka msibani, pengo hilo unaliziba mwenyewe.

Mimi nilikuwa na risiti. Za mbao, misumari, dawa ya ukungu, zote kwenye kopo la biskuti. Shemeji alinicheka. Wino wa risiti za dukani hufutika, kwa hiyo nilizipiga picha siku ileile. Fanya hivyo. Nasema tena: risiti.

Kulikuwa na ofisi moja, jina silitaji, iliyoniomba karatasi zilezile hadi nikamzoea mlinzi wa mlangoni. Faili likahama mikono, likaanza upya. Bado nikikumbuka kifua kinabana. Tatizo lao kubwa na mimi lilikuwa majina: hati ya nyumba ina mawili, kadi ya ukaazi ina matatu, leseni ina la mume. Ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi, ambao wengi wameandikiwa kuzaliwa Januari 1, wanaujua usumbufu huu. Linganisha majina yako leo, hali ya hewa ikiwa shwari.

Kodi ya nyumba iwe imelipwa, au uwe na mpango wa kuilipa uliokubaliwa. Ukishajengewa, unakaa humo miaka mitatu. Ukiipangisha ukarudi Dar kufungua biashara, unaweza kudaiwa. Na bima ya mafuriko ni lazima uendelee nayo. Ukiiacha ikafa, kimbunga kijacho utanyimwa msaada wa kutengeneza. Jamani, tunachangia harusi ya mtu tusiyemjua, halafu bima tunaiona ghali! Tena kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuilipia, kwa hiyo usingoje kimbunga kionekane kwenye ramani.

Kwa mlioumizwa na kimbunga Beryl mwaka 2024: safari hii Houston ilitengewa fungu lake, zaidi ya dola milioni 300. Rasimu ya kwanza ya jiji haikuweka hata senti kwa ajili ya kutengeneza nyumba za watu. Wananchi walipiga kelele, na fungu la nyumba likaingizwa. Mipango ya namna hii hutangazwa kwa maoni ya umma kabla ya kupitishwa, lakini kwenye mikutano ile sisi hatuonekani. Ukishindwa kwenda, andika barua pepe. Kiingereza chako cha Kariakoo kinatosha.