Skeli kuukuu, kisomeo kipya: maswali ya wasomaji

SWALI: Mashine yangu ya milingi ina skeli za kioo, zile rula za kupima mwendo wa meza, zilizofungwa kiwandani. Bado nzima, ila kisomeo chake, yaani kisanduku kinachoonyesha vipimo, kimeungua na hakitengenezwi tena. Nikinunua kisomeo kipya cha dijitali ambacho tundu lake la pini 9 linaingiliana na plagi ya skeli, nichomeke tu?

JIBU: Usichomeke! Plagi kufanana si undugu. Kila mtengenezaji hupanga pini atakavyo, na volti 5 zikiingia kwenye waya wa mawimbi zinaweza kuua kichwa cha kusomea, kile kinachoteleza juu ya kioo, papo hapo. Jua kwanza skeli inatoa nini, plagi baadaye.

Visomeo vingi vya bei nafuu hutaka mapigo ya mraba ya volti 5, yaani TTL, kwenye njia mbili, A na B, zinazopishana robo ya mzunguko. Kwa kupishana huko kisomeo hujua meza inaelekea wapi. Skeli kuukuu inaweza kutoa hayo hayo, au mawimbi laini ya volti 1, au mkondo hafifu wa mikroampia 11. Zile za mipira ya chuma ndani ya bomba, kama Spherosyn ya Newall, zina utaratibu wao kabisa. Kwa hizo tafuta kisomeo cha ukoo wao.

Fungua plagi, fuata nyaya, tambua waya wa 0 na wa +5 (volti), kisha ulishe skeli kwa pawa saplai ya volti 5 yenye kikomo cha mkondo. Weka multimita kati ya 0 na waya wa A, halafu gusagusa hendeli kwa ncha ya kidole. Mistari ya kioo mara nyingi iko mikroni 20 kwa 20, kwa hiyo ukizungusha kwa kasi multimita itakuonyesha wastani tu. Ikiruka kutoka karibu 0 hadi juu ya volti 2.5, hiyo ni TTL. Ikiteleza polepole hapo hapo kwenye 2.5, hayo ni mawimbi laini: utahitaji kigeuzi katikati, au kisomeo kinachoyapokea. Mwenye oskiloskopu ya njia mbili, chombo kinachochora mawimbi kwenye skrini, ataona yote kwa dakika moja, na kwa kweli ndiyo ya kuazima.

Ukikuta A na B kila moja na pacha wake aliyepinduliwa (yeye huwa juu mwenzake akiwa chini), na kisomeo kinataka waya mmoja mmoja, tumia A na B. Mapacha wazibe kwa mpira, usiwaunge na 0. Kebo ikiwa ndefu, weka chipu ya kupokea jozi hizo, kama AM26LS32.

Skeli za zamani sana huwaka taa ya nyuzi badala ya LED, na taa hiyo hula mkondo mwingi. Pima volti kwenye kichwa chenyewe wakati kila kitu kinafanya kazi. Zikishuka chini ya 4.75, ipe skeli pawa saplai yake na uunganishe 0 za pande zote mbili.

Mwisho ni hesabu. Weka kisomeo kwenye mikroni 5 kwa kila hatua, sogeza meza milimita 50 ukihakiki kwa geji bloku (kipande cha chuma cha urefu kamili) na diali (saa ya kupimia). Kikisoma 250, skeli yako ni ya mikroni 1, badilisha mpangilio. Kikihesabu kinyumenyume, geuza mwelekeo kwenye menyu, au badilishana A na B.

SWALI: Nimeunganisha, lakini tarakimu ya mwisho inacheza kati ya namba mbili, haipandi wala haishuki. Mhimili mwingine, yaani mwelekeo wa pili wa meza, unahesabu vizuri, ila hupoteza kila ukipita sehemu moja.

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili. Wa kwanza umekosa A au B: waya umekatika, au pini siyo. Wa pili una uchafu kwenye kioo, kwa kawaida mafuta ya kupoozea yaliyopenya midomo ya mpira inayoziba skeli. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukivuta upande mmoja. Thina iache, inakula mpira na gundi. Ukirudisha skeli, ipitishe diali mwanzo hadi mwisho iwe sambamba na njia ya meza. Ikikaa mshazari, kichwa hubanwa upande mmoja na kulegea upande wa pili, na hesabu zitapotea tena hata kioo kikiwa safi.